Kimelea, Takataka au Mjenzi? Uhakiki wa Sitiari za Elementi Hamaji katika Mageuzi ya Jenomu ya Nzi wa Matunda

Ikisiri

Makala haya yanahakiki sitiari nne zilizotawala maandishi ya kisayansi kuhusu elementi hamaji, yaani vipande vya DNA vyenye uwezo wa kuhama au kujinakili kutoka sehemu moja ya jenomu hadi nyingine. Sitiari hizo ni takataka, kimelea, mvamizi na mjenzi. Kila moja inapimwa kwa ushahidi uliopatikana kwa nzi mdogo wa matunda, Drosophila melanogaster, pamoja na spishi za jamaa yake. Inadaiwa kwamba ubishi wa muda mrefu kuhusu elementi hizi umekuzwa na mazoea ya kuchanganya maswali matatu tofauti: kipande kimetoka wapi, kimeeneaje, na kina matokeo gani kwa kiumbe kinachokibeba. Aidha, inaonyeshwa kwamba Kiswahili hakilazimiki kurithi mkanganyiko huo, kwa kuwa baadhi ya maneno yake yanabainisha tofauti ambazo sitiari za Kiingereza huzifunika.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1910, katika maabara ya Thomas Hunt Morgan kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alionekana nzi dume mwenye macho meupe miongoni mwa nzi wenye macho mekundu. Kwa kufuatilia uzao wa nzi huyo, Morgan alionyesha kwamba sifa hiyo hurithiwa pamoja na kromosomu ya jinsi, na kwa njia hiyo elimu ya jeni ikapata moja ya nguzo zake. Miongo mingi baadaye ilibainika kwamba weupe ule ulitokana na elementi hamaji ya familia ya Doc iliyojipachika kwenye jeni iitwayo white. Hivyo basi, elimu ya jeni za nzi ilijengwa kwa sehemu juu ya kazi ya elementi hamaji kabla elementi hizo hazijapewa jina.

Jenomu ya nzi huyu ina takribani jozi milioni 180 za besi. Takribani asilimia 20 ya jenomu hiyo ni elementi hamaji au masalia yake. Kwa mahindi kiwango hicho hufikia takribani asilimia 85, na kwa binadamu hukaribia nusu. Elementi zenyewe ni za makundi makubwa mawili. Kundi la kwanza hujinakili kupitia RNA: nakala mpya huenda kwingine ilhali ya awali hubaki pale ilipo. Kundi la pili hukatwa kutoka mahali pake na kupachikwa pengine kwa msaada wa kimeng'enya ambacho elementi yenyewe hubeba maelekezo ya kukitengeneza.

Sehemu kubwa kiasi hicho ya urithi wa kiumbe inahitaji maelezo. Ipo kwa sababu gani? Majibu yaliyotolewa tangu katikati ya karne ya 20 yamekuja yakiwa yamevaa sitiari, na sitiari hizo zimekuwa na nguvu kuliko majibu yenyewe. Mwaka 2012, watafiti wa mradi wa ENCODE walipodai kwamba takribani asilimia 80 ya jenomu ya binadamu ina shughuli ya kibiokemia inayoweza kuitwa kazi, mjadala uliofuata haukuhusu data pekee. Ulihusu pia maana ya neno "kazi" na uhalali wa neno "takataka". Kilichokuwa hatarini ni namna sayansi inavyoamua kwamba kitu fulani kina kazi. Hilo ni suala la ushahidi, lakini vilevile ni suala la lugha.

Nzi wa matunda amechaguliwa kuwa kipimo cha uhakiki huu kwa kuwa kwake hatua nyingi za historia ya elementi hamaji zimeshuhudiwa zikitokea, badala ya kukisiwa kutokana na masalia. Ifahamike kwamba nzi anayezungumziwa si yule anayewatia hasara wakulima wa maembe kwa kutoboa tunda na kutaga ndani yake. Huyo ni wa familia nyingine, ingawa jina la "nzi wa matunda" huwaangukia wote wawili. Drosophila melanogaster ni mdogo zaidi na hufuata matunda yaliyoiva kupita kiasi na kuanza kuchacha. Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, na kusambaa kwake duniani kumefuata nyayo za binadamu.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Sitiari Dhanifu iliyowekewa msingi na Lakoff na Johnson (1980). Kwa mujibu wa nadharia hiyo, sitiari ni njia ya kufikiri: dhana ngeni hueleweka kupitia dhana iliyozoeleka, na kwa kufanya hivyo upande mmoja wa jambo huangazwa huku mwingine ukifichwa. Kwa msingi huo, kila sitiari inaulizwa maswali mawili. Inawawezesha watafiti kuona nini? Na inawafanya wasione nini?

Huenda ikadaiwa kwamba sitiari katika sayansi ni nakshi tu, na kwamba mtaalamu huiweka kando anapoanza kupima na kuhesabu. Dai hilo halisimami. Anayeamini kwamba kipande cha DNA ni mjenzi ataona haja ya kutafuta alichokijenga. Anayeamini kwamba ni kimelea hataona haja hiyo mpaka ushahidi umlazimishe. Kwa maneno mengine, sitiari huamua ni upande gani wa mjadala unaobeba mzigo wa kuthibitisha.

3.0 Sitiari ya Takataka

Kabla ya takataka kulikuwa na mdhibiti. Barbara McClintock, aliyegundua elementi hamaji kwa kuchunguza mahindi katika miaka ya 1940, alizipa jina linalodokeza kwamba zinatawala utendaji wa jeni nyingine wakati kiumbe kinapokua. Wanajenetiki wengi waliokubali kwamba vipande hivyo huhama hawakukubali kwamba vinadhibiti ukuaji. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1983, alitunukiwa kwa ugunduzi wa kuhama. Hii ni dalili ya mapema ya jambo litakalojitokeza tena na tena katika uhakiki huu: ukweli wa tukio na maana ya tukio ni mambo mawili.

Sitiari ya takataka ilipata umaarufu kupitia Susumu Ohno mwaka 1972. Ohno aliwaza zaidi kuhusu nakala za jeni zilizokufa kuliko elementi hamaji, lakini neno lilipokwisha kutolewa lilizoa kila kitu kilichoonekana hakina kazi. Sifa yake ni kwamba ilivunja dhana iliyokuwa imejificha, yaani kwamba uteuzi asilia ni fundi asiyeacha kipande kisichofaa. Jenomu ni zao la historia, na historia huacha mabaki.

Udhaifu wake ni kwamba takataka ni kitu kisichotenda. Rundo la taka halijizidishi. Elementi hamaji hujizidisha, na hapo ndipo sitiari inapokatika. Aidha, sitiari hii hudokeza kwamba mabaki hurundikana tu. Kwa nzi wa matunda, hali si hiyo. Mwaka 1996 Petrov, Lozovskaya na Hartl walichunguza masalia ya elementi iitwayo Helena na kuonyesha kwamba DNA isiyo na kazi hupotea kwa kasi kubwa katika jenomu za nzi hawa, kipande kwa kipande, kupitia ufutikaji mdogomdogo. Kwa hiyo wingi wa masalia katika jenomu ni tokeo la mizani kati ya kinachoingia na kinachofutika. Picha ya jaa haionyeshi mizani hiyo.

4.0 Sitiari ya Kimelea

Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha makala mawili, moja la Doolittle na Sapienza na lingine la Orgel na Crick, yaliyobadilisha mwelekeo wa mjadala. Hoja yao ilikuwa rahisi na kali. Kipande cha DNA kinachoweza kujinakili haraka kuliko jeni nyingine za kiumbe kitaenea hata kama hakina faida yoyote kwa kiumbe hicho, mradi madhara yake yasizidi kasi ya kuenea kwake. Hivyo kuwapo kwake si ushahidi wa kazi. Waandishi hao hawakukana kwamba kipande kama hicho kinaweza kupata kazi baadaye. Walikana kwamba kazi hiyo inahitajika ili kueleza kwa nini kipo.

Ushahidi wa nzi uliunga mkono msimamo huo kwa uzito mkubwa. Uchunguzi ulioongozwa na Brian Charlesworth, Charles Langley na wenzao katika miaka ya 1980 ulibaini kwamba, katika makundi ya nzi wa porini, mpachiko wowote ule kwa kawaida hupatikana kwa nzi wachache sana. Iwapo mipachiko ingekuwa na faida, mingi ingeonekana kwa nzi wengi. Uchache huo unaonyesha kwamba uteuzi asilia huiondoa mipya inapojitokeza. Madhara yake yanajulikana. Takribani nusu ya mutesheni za nzi huyu zinazozuka zenyewe na kuonekana kwa macho zimetokana na mipachiko ya aina hii. Aidha, nakala zinazofanana zilizo mahali tofauti huweza kukutanishwa kimakosa wakati kromosomu zinapobadilishana vipande, na matokeo yake huwa ni kupotea au kurudufiwa kwa sehemu za kromosomu. Njia hiyo ya madhara ilijadiliwa na Montgomery, Charlesworth na Langley (1987).

Hata hivyo, sitiari ya kimelea ina mpaka wake. Kimelea kama minyoo kina mwili wake na njia yake ya kumwacha mwenyeji mmoja na kwenda kwa mwingine. Elementi hamaji kwa kawaida husafiri kupitia yai na mbegu za kiume, njia ileile inayopitwa na jeni za mwenyeji. Nzi akifa bila kuzaa, nayo hufa. Ndiyo maana elementi iitwayo P hufanya jambo ambalo mtu asingelitarajia kwa "mbinafsi": hujizuia. Laski, Rio na Rubin (1986) walionyesha kwamba kimeng'enya kamili cha kuihamisha hutengenezwa katika seli za uzazi pekee. Katika seli nyingine za mwili, ujumbe wa RNA hauhaririwi kikamilifu na kimeng'enya hicho hakipatikani. Kuhama katika seli za bawa au jicho kungemdhuru nzi bila kuiletea elementi kizazi kipya. Kujizuia huko kunaelezeka vizuri kwa hesabu ya uenezi, ila si kwa neno "ubinafsi", ambalo humpa msomaji hukumu ya kimaadili kabla hajapewa hoja.

5.0 Sitiari ya Mvamizi

Elementi P ndiyo iliyoipa nguvu sitiari ya mvamizi. Mwaka 1977 Kidwell, Kidwell na Sved walieleza hali ya kushangaza. Madume waliotoka porini walipopandishwa na majike wa nasaba za zamani za maabara, watoto wao mara nyingi walikuwa tasa, hasa walipokuzwa kwenye joto la juu, na walijaa mutesheni na mivunjiko ya kromosomu. Upandishaji wa kinyume, yaani jike wa porini na dume wa maabara, ulizaa watoto wa kawaida. Chanzo kilikuja kutambuliwa kuwa ni elementi P, iliyokuwamo kwa nzi wa porini na kukosekana katika nasaba zilizokusanywa miongo ya awali ya karne ya 20.

Maelezo mawili yaliwezekana. Ama nzi wa maabara walikuwa wameipoteza elementi hiyo, ama nzi wa porini walikuwa wameipata karibuni. Jibu lilipatikana kwa spishi nyingine, Drosophila willistoni ya Amerika. Daniels na wenzake (1990) walikuta kwamba elementi P ya spishi hiyo, yenye besi 2,907, inatofautiana na ile ya Drosophila melanogaster kwa besi moja tu, ingawa spishi hizo mbili ziliachana makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Kufanana kwa kiasi hicho hakuwezi kutokana na babu wa pamoja. Elementi ilivuka kutoka spishi moja hadi nyingine, na utitiri aitwaye Proctolaelaps regalis alipendekezwa kuwa mbebaji anayewezekana (Houck na wenzake, 1991). Katika miongo michache ikaenea kwa nzi wa porini karibu duniani kote. Kisha historia ikajirudia: mwaka 2015 Kofler na wenzake waliripoti elementi hiyohiyo ikienea katika spishi ya jirani, Drosophila simulans.

Kwa hiyo neno "uvamizi" si la kutia chumvi. Linaeleza tukio lenye mwanzo, mwelekeo na kasi. Kasoro yake hujitokeza linapoanza kueleza ulinzi. Mvamizi huja kutoka nje na mlinzi hutoka ndani, na wawili hao hawachanganyiki. Kwa nzi wa matunda, mlinzi ametengenezwa kwa mwili wa mvamizi. Brennecke na wenzake (2007) walionyesha kwamba RNA fupi zinazoitwa piRNA, zikishirikiana na protini za jamii ya Piwi, hutambua na kunyamazisha elementi hamaji katika seli za uzazi. RNA hizo hutokana na maeneo maalumu ya jenomu yaliyosheheni vipande vya elementi zilizowahi kutua humo. Mojawapo ni eneo liitwalo flamenco kwenye kromosomu ya X, ambalo huizuia elementi gypsy. Elementi inapotua katika eneo la namna hiyo, hunaswa na kugeuzwa kuwa kumbukumbu itakayotumika dhidi ya jamaa zake.

Ugunduzi huu ulifumbua pia fumbo la mwaka 1977. Mama huliwekea yai lake akiba ya RNA hizo, na baba hawezi kufanya hivyo. Jike wa porini humrithisha mtoto elementi pamoja na kinga yake. Jike wa maabara hana kinga ya kumpa, hivyo elementi za baba hufumuka ndani ya mtoto bila kizuizi. Hapa sitiari ya vita haitoshi tena. Kilichopo ni urithi wa aina mbili, wa kipande na wa kumbukumbu ya kipande, na aliye salama ni yule aliyepewa vyote viwili.

6.0 Sitiari ya Mjenzi

Katika miongo ya karibuni sauti nyingine imepanda: elementi hamaji ni wajenzi wa jenomu, chemchemi ya ubunifu wa mageuzi. Sauti hiyo ina mifano ya kweli, na nzi wa matunda ametoa mingi.

Mfano ulio bora ni wa ncha za kromosomu. Katika viumbe wengi, ncha hizo hurefushwa na kimeng'enya maalumu ili zisilike kila seli inapogawanyika. Nzi huyu hana kimeng'enya hicho. Badala yake, elementi tatu ziitwazo HeT-A, TART na TAHRE hujipachika kwenye ncha na kuzirefusha. Bila hizo kromosomu zingeendelea kufupika. Mfano mwingine unahusu sumu za wadudu. Daborn na wenzake (2002) walihusisha ukinzani dhidi ya DDT na mpachiko wa elementi Accord karibu na jeni Cyp6g1, mpachiko unaoongeza utendaji wa jeni hiyo katika viungo vinavyoshughulika na sumu. Katika Drosophila miranda, Ellison na Bachtrog (2013) walionyesha kwamba elementi hamaji ilisambaza kwenye kromosomu changa ya X alama ambazo mitambo ya seli huzitumia kuongeza maradufu utendaji wa kromosomu hiyo kwa madume.

Pamoja na uzuri wa mifano hiyo, sitiari ya mjenzi ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya hesabu. González na wenzake (2008) walipopekua jenomu ya nzi kutafuta mipachiko yenye dalili za manufaa, walibaini 13, na kukadiria kwamba kati ya 25 na 50 imesaidia tangu spishi hiyo ilipotoka Afrika. Idadi hiyo si ndogo kwa kipimo cha mageuzi, lakini ni sehemu ndogo mno ya mipachiko yote iliyopo, na ndogo zaidi ya ile iliyowahi kutokea na kuangamia pamoja na nzi walioibeba. Anayesimulia ujenzi kwa kuwatazama walionusurika pekee huacha makaburi nje ya hadithi.

Kasoro ya pili ni ya nia. Mjenzi hujenga kwa kusudi. Elementi za ncha za kromosomu hazikuajiriwa. Bado hujinakili kwa maslahi ya uenezi wake, na kwa sasa maslahi hayo yameelekea upande mmoja na maslahi ya nzi. Utafiti wa Saint-Leandre na wenzake (2019) unalidhihirisha hilo. Ulionyesha kwamba elementi za ncha hubadilika na kupokezana kwa kasi kati ya spishi za nzi hawa, na kwamba Drosophila biarmipes imezipoteza kabisa. Mhimili wa nyumba usingetarajiwa kubadilika kwa kasi hiyo, sembuse kutoweka na nyumba ikabaki imesimama.

7.0 Mjadala: Maswali Matatu

Ukizipanga sitiari hizi pamoja, hubainika kwamba mara nyingi hazipingani. Zinajibu maswali tofauti. Mvamizi hujibu swali la asili: kipande kimetoka wapi na lini? Kimelea hujibu swali la uenezi: ni nguvu gani iliyokifanya kiwe kingi? Takataka na mjenzi hujibu swali la matokeo: kinamfanyia nini kiumbe leo? Kosa la kihoja hutokea pale jibu la swali moja linapotolewa kama jibu la jingine. Anayesema kwamba elementi si vimelea kwa kuwa baadhi hurefusha kromosomu amejibu swali la uenezi kwa ushahidi wa matokeo. Vilevile, anayesema kwamba mpachiko hauwezi kuwa na faida kwa kuwa elementi zilienea kwa kujinakili tu amefunga swali la matokeo kwa ushahidi wa uenezi.

Familia ya Doc, ile iliyoyafanya macho ya nzi wa Morgan kuwa meupe, inatoa kielelezo kizuri. Aminetzach, Macpherson na Petrov (2005) walieleza mpachiko mwingine wa familia hiyo, safari hii ndani ya jeni CHKov1. Mpachiko huo ulikatiza jeni na kuzaa protini iliyobadilika, na nzi wanaoubeba walionekana kuwa na ukinzani dhidi ya sumu za jamii ya oganofosfeti. Ajabu ni kwamba mpachiko wenyewe ni mkongwe kuliko sumu hizo kwa maelfu mengi ya miaka. Baadaye Magwire na wenzake (2011) walionyesha kwamba nzi hao hukinza pia virusi vya sigma, ambavyo huwashambulia nzi kiasili.

Familia ni moja, namna ya kujinakili ni moja, na tendo ni lilelile la kujipachika ndani au karibu na jeni. Mpachiko mmoja uliondoa rangi ya macho, mwingine ukaleta ukinzani. Hakuna sitiari moja inayoweza kuitwa sifa ya Doc. Uharibifu na ujenzi ni sifa za uhusiano kati ya mpachiko fulani, mahali ulipotua na mazingira ambamo nzi anaishi. Zaidi ya hayo, manufaa ya kukinza sumu hayawezi kuwa sababu ya kutokea kwa mpachiko uliotangulia sumu. Swali la asili na swali la matokeo yametenganishwa hapa na wakati wenyewe.

Hoja hii ina gharama yake. Inawanyima wasomaji sentensi moja inayoeleza elementi hamaji ni nini kwa jumla. Badala yake inadai kila familia, na wakati mwingine kila mpachiko, ifanyiwe uchunguzi wake. Hata hivyo, gharama hiyo haibatilishi urithi wa mwaka 1980. Mzigo wa kuthibitisha bado unamwangukia anayedai kazi, kwa kuwa uenezi bila faida umeonyeshwa kuwa ni jambo la kawaida. Kinachokataliwa ni kugeuza kanuni ya mzigo wa ushahidi kuwa hukumu ya kudumu.

8.0 Sitiari Hizi katika Kiswahili

Anayeiandika elimu hii kwa Kiswahili hukabiliwa na uamuzi kabla ya sentensi ya kwanza. Jina "jeni zinazoruka" linavutia, lakini linapotosha: elementi nyingi za nzi hazitoki mahali pake, bali hutuma nakala. "Elementi hamaji" nalo si kamilifu, ila angalau uhamaji huruhusu wazo la ukoo kuenea huku wengine wakibaki nyumbani.

Neno "takataka" ni tafsiri iliyozoeleka, lakini ni kali kuliko ilivyokusudiwa. Sydney Brenner alisisitiza tofauti kati ya uchafu unaotupwa na vitu visivyotumika ambavyo mtu huendelea kuviweka. Kiswahili kina neno kwa hayo ya pili: makorokoro. Makorokoro hukaa stoo kwa kuwa kuyatoa ni kazi na kuyaacha hakuumizi sana, na siku moja kimoja kinaweza kuokotwa kikatumika. Hiyo ndiyo hali ya masalia mengi ya elementi, na tofauti hiyo ina uzito wa kihoja.

Kwa upande wa "kimelea", Kiswahili kina bahati. Neno la Kiingereza lina asili ya Kigiriki yenye maana ya anayekula mezani pa mwingine, na ndani yake mna lawama ya udoezi. Kimelea ni kitu kinachomea juu ya kingine. Neno linaeleza mahali na tegemeo, na linaliacha swali la hasara wazi mpaka lipimwe. Kwa hiyo "kimelea" linafaa kubaki, ilhali "DNA yenye ubinafsi" inastahili kutumiwa kwa tahadhari, kwa kuwa mbinafsi katika Kiswahili ni mtu wa kulaumiwa na molekuli haina wa kulaumiwa.

Huenda ikashawishi kuweka sitiari ya tano kutoka kwenye methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Inapendeza kwa kuwa inaingiza wakati, jambo ambalo sitiari nyingine zinalikosa: aliyekuja kama mgeni huishia kuwa mfanyakazi. Lakini nayo ina mpaka uleule wa mjenzi. Katika methali kuna mwenyeji anayeamua na kutoa jembe. Katika jenomu hakuna anayeamua. Uteuzi asilia huwaacha hai nzi ambao kwao mgeni, kwa sababu zake mwenyewe, alitokea kulima.

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba sitiari za takataka, kimelea, mvamizi na mjenzi zimesaidia kila moja kufichua upande wa ukweli kuhusu elementi hamaji za nzi wa matunda, na kwamba kila moja hupotosha inapovuka swali lake. Elementi P inaweza kusemwa kwa usahihi kuwa ni mvamizi kwa asili na kimelea kwa uenezi, na pia chombo cha manufaa kwa binadamu, kwa kuwa tangu kazi ya Rubin na Spradling ya mwaka 1982 imetumiwa maabara kuwapandikizia nzi jeni. Kauli hizo hazipingani, kwa kuwa hazizungumzii jambo moja.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba maandishi ya Kiswahili kuhusu mageuzi ya jenomu yabainishe waziwazi swali linalojibiwa kabla ya kuchagua sitiari, na kwamba istilahi zipimwe kwa dhana zinazobeba, si kwa mazoea ya tafsiri pekee. Takwimu za elementi hamaji zitaendelea kubadilika kadiri mbinu za kusoma DNA zinavyoboreka. Mwanafunzi aliyezoea kutenganisha asili, uenezi na matokeo ataweza kuzipokea takwimu mpya na kujua zinajibu swali gani, hata kama zimeletwa kwake chini ya jina lisilozifaa.